Wanaume 12, chumba kimoja: Historia ya "12 Angry Men"

Filamu ya "12 Angry Men" ya mwaka 1957 imo katika orodha nyingi za kazi bora za Hollywood. Kinachosahaulika ni kwamba ilizaliwa kwenye runinga, na nguvu zake zimetokana na ufinyu wa runinga ya enzi hizo.

Mwaka 1954 mwandishi Reginald Rose aliitwa kuketi katika jopo la raia kwenye kesi ya kuua bila kukusudia jijini New York. Jopo hilo si sawa na wazee wa baraza tuliowazoea kwa miaka mingi katika mahakama za Afrika Mashariki, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Kule, raia 12 hujifungia chumbani na wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Rose alishuhudia wenzake wakivutana kwa saa nyingi, akatoka na wazo la mchezo wa kuigiza: wajumbe 11 wanataka kijana anayeshtakiwa kwa mauaji apelekwe kwenye kiti cha umeme, mmoja anasema tuzungumze kwanza.

Septemba 20, 1954, kituo cha CBS kilirusha mchezo huo moja kwa moja katika kipindi cha Studio One, chini ya mwongozaji Franklin Schaffner. Mwigizaji aliyesahau maneno hakuwa na nafasi ya kurudia. Muda haukufika hata saa moja, na seti ilikuwa finyu. Uzito wote ukabebwa na maneno na nyuso. Rose, Schaffner na mwigizaji mkuu, Robert Cummings, wote walituzwa Emmy.

Wakati huo studio za Hollywood ziliiogopa runinga, zikaijibu kwa ukubwa: rangi, skrini pana, majeshi na mandhari ya mbali. Mwigizaji Henry Fonda alikwenda kinyume. Alishirikiana na Rose kuitayarisha filamu kwa fedha kidogo, bila rangi, na uongozaji akapewa Sidney Lumet, mtu wa runinga ambaye hakuwa ameongoza filamu hata moja ya sinema.

Lumet hakutafuta upenyo wa kutoka chumbani, alizidi kukibana. Yeye na mpigapicha Boris Kaufman walianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, wakaishusha taratibu hadi dari likaonekana juu ya vichwa vya watu. Lenzi nazo zilizidi kuwa ndefu, kuta zikaonekana kuwasogelea wahusika. Mtazamaji huhisi kubanwa bila kujua sababu. Kwa kuwa kupanga taa upya kulikula muda na fedha, picha zote za upande mmoja wa chumba zilipigwa kwanza, kisha za upande mwingine. Hivyo watu wawili wanaogombana kwenye skrini huenda walirekodiwa siku tofauti. Mazoezi ya wiki mbili kabla ya kamera kuwashwa ndiyo yaliyowawezesha kushika hasira ileile.

Tazama tukio la kisu. Upande wa mashtaka umedai kuwa kisu cha muuaji hakina mwenzake. Mjumbe namba 8, anayeigizwa na Fonda, anatoa mfukoni kisu kama hicho, alichokinunua karibu na nyumbani kwa mshtakiwa, na kukichoma mezani kando ya kile cha ushahidi. Visu viwili mezani vinaleta shaka ambayo wakili wa kijana hakuweza kuileta.

Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 1957, lakini majumba ya sinema hayakujaa. Iliteuliwa kuwania Oscar tatu, na zote tatu zikachukuliwa na "The Bridge on the River Kwai", filamu ya rangi na skrini pana. Hata hivyo haikufa. Mwaka 1997 ilitengenezwa upya kwa runinga ikiwa na Jack Lemmon na George C. Scott, safari hii na Waamerika weusi ndani ya jopo, na mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza ile ya 1957 katika hifadhi ya filamu za taifa.

Leo tamthilia za runinga zinasifiwa kana kwamba ndiyo kwanza zimeifikia sinema. Historia hii yaonyesha kwamba zaidi ya miaka 60 iliyopita runinga ndiyo iliyoifundisha sinema kuuamini uso wa mwanadamu. Somo hilo lingali na faida kwa yeyote mwenye kamera moja, chumba kimoja na hadithi iliyoandikwa vizuri.