Mapatano yasiyo na nguvu: tokea kitambaa cha 1884 mpaka kalinzi

Watu wengi kwetu wanafikiri kwamba mapatano yasiyo halali ni mambo ya wezi tu. Si hivyo. Watu wema wanaweza kupatana mbele ya mashahidi, na sheria ikakataa. Tutazame historia ya udongo wa inchi yetu, kwani humo jambo hili linaonekana wazi.

Tarehe 1 Aprili 1884, mashefu wa Ngombi na Mafela, kule Bas-Congo, walitia alama kwenye karatasi ya Association Internationale du Congo. Waliachia utawala wa inchi yao, na kila shefu aliahidiwa kitambaa kimoja kwa mwezi. Karatasi za namna ile njo zilisaidia kuzaa Etat Indépendant du Congo. Lakini tarehe 1 Julai 1885 Leta hiyo hiyo ikatangaza kwamba, tangu siku ile, mapatano na wenyeji juu ya udongo hayatatambuliwa kama hayakupita kwa mkubwa wa serikali. Tena udongo usio na mtu ni wa Leta. Alama na kitambaa vilitosha kwa Bula Matari. Kwa wengine havikutosha tena.

Dekreti ya 30 Julai 1888 ikaleta kanuni. Mapatano yanadai mambo 4: kukubaliana, uwezo wa wenye kupatana, kitu kinachojulikana, na sababu halali. Sababu si halali kama sheria inaikataza, ao kama inapinga desturi njema ao utaratibu wa watu wote. Tupambanue vizuri: mapatano batili si lazima yawe kosa la gereza. Anayepokea pesa ili aue mtu, mapatano yake ni batili na yeye ni mkosaji. Lakini mara nyingi mahakama inakataa tu kuyapa nguvu, basi.

Kwetu Bushi kulikuwa kalinzi. Mtu alipeleka ng'ombe kwa mwami ao kwa shefu, akapewa shamba la kulima, yeye na watoto wake. Udongo hakuununua, alifunga uhusiano na aliyemupa. Bwasa ilikuwa ya muda mufupi tu. Halafu sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Leta, na haki ya mutu inathibitishwa na sertifika ya kuandikisha. Kalinzi haikuitwa kosa. Mashamba ya desturi yaliachiwa amri ya Rais, na amri ile ilingojewa miaka mingi. Katika kungoja kule, wenye pesa na marafiki wakapata sertifika juu ya mashamba ambamo jamaa zingine zilikuwa zinalima tangu babu zao.

Kwa hiyo tusichanganye neno «si halali» na neno «si haki». La kwanza linategemea nani ametunga sheria, na lini. Na sisi, mbele ya kutoa ng'ombe ao dola, tuulize maneno matatu: huyu anayetoa ana haki gani? Kuna sertifika ya mutu mwingine juu ya shamba hili? Majirani wa mipaka wanajua? Ng'ombe akiisha kuchinjwa, kuuliza kunakawia.