Mashine Kabla ya Fundi: Somo Kutoka Vuga

Kila mwaka, kati ya kufungwa kwa shule mwezi Desemba na kufunguliwa Januari, wakuu wa shule hupata wiki chache ambazo madarasa ni matupu. Ndizo wiki za kupokea kompyuta, kufunga nyaya na kubadilisha programu kabla wanafunzi hawajarejea. Swali linalotawala mazungumzo ya wakati huo ni moja: vifaa vingapi vimefika? Kwangu mimi ninayefundisha historia, swali hilo halitoshi. Yapo mawili yanayopaswa kulitangulia: nani atavitunza vifaa hivyo ifikapo Juni, na kwa fungu lipi?

Tuanzie Vuga, katika milima ya Usambara. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Kikilindi. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alipanda hadi kwa Kimweri ya Nyumbai kutaka idhini ya kuleta walimu, naye mfalme hakukataa. Miaka ikapita mingi. Kituo cha misheni ya Bethel kilianzishwa Vuga katika muongo wa 1890, wakati wa utawala wa Wajerumani. Baadaye Vuga ikawa na kiwanda cha uchapaji, na jina la Vuga Mission Press likasomeka kwenye vitabu vya Kiswahili vilivyovuka mipaka ya Usambara.

Tuitafakari kazi hiyo. Mtambo wa kuchapa wa zama zile ulikuwa chuma kizito. Herufi za risasi zilipangwa moja moja, kinyumenyume, kisha zikapakwa wino. Karatasi zilikunjwa, zikashonwa, zikakatwa. Kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa semina ya siku moja. Mtu huijua kwa kukaa kando ya fundi hadi naye awe fundi. Waliotangulia walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Bondeni, mjini Tanga, mfano ulikuwa wazi zaidi. Shule ya serikali ya Kijerumani ilikuwa na mtambo wake, wanafunzi wakafundishwa uchapaji, na gazeti la Kiongozi likachapwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Sisemi haya ili kuupamba ukoloni. Shule ile ililenga kuzalisha makarani na mafundi wa kuitumikia dola iliyotutawala, na waliobahatika kuingia walikuwa wachache. Lakini jambo moja tulitenge na nia ya mtawala: mtambo ulikuwa sehemu ya somo, na ufundi wake ulibaki mikononi mwa watu wa hapa.

Baada ya uhuru tuliujaribu mwendo mwingine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine zilikwama, kwa kuwa tulitegemea mno wataalamu wa kigeni na wa kwetu walikuwa wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Leo wengi huicheka amri ile. Mimi naiona kama hitimisho baya lililotokana na uchunguzi sahihi. Ilikuwa kweli kwamba tulinunua mashine tusizozimudu. Lakini badala ya kuandaa mafundi, tulifunga mlango. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilikuja mwaka 2003, na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupita.

Sasa tutazame ya karibuni. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliamua kuwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Ugawaji ukafanyika kuelekea mwaka mpya. Ulikuwa uamuzi wa busara: mali ya umma haikuachwa ioze ghalani. Hata hivyo, kishikwambi kinahitaji umeme, bando, masasisho ya programu na mtu wa kubadilisha kioo kikipasuka. Gharama hizo hazimo ndani ya boksi lake.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaujua ugumu wa hesabu hii. Mwaka wa masomo huanza Januari. Mwaka wa fedha huanza Julai. Kifaa kinachofika Desemba huikuta bajeti imekwisha kupitishwa, na kisipokuwa na kasma yake, hulelewa kwa ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule ya msingi, ruzuku hiyo imepangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 400 hesabu yake ni shilingi milioni nne, hata kabla ya kuondoa sehemu inayokwenda kwenye vitabu. Kinachobaki ndicho kitoe chaki, mitihani, ukarabati, na sasa matengenezo ya kompyuta. Mwalimu mkuu akikifungia kifaa kabatini, tusiharakishe kumwita mpinga maendeleo. Huenda anaogopa kuulizwa juu ya hasara ambayo hana fedha ya kuifidia.

Kwa hiyo, kabla ya Januari, natamani kila kamati ya shule na kila halmashauri, ikiwemo Bumbuli inayoihudumia Vuga, zijibu mambo manne kwa maandishi. Nani, kwa jina na kwa cheo, ndiye mtunzaji wa vifaa, na akihamishwa nani atamrithi? Gharama ya mwaka ya umeme, bando na matengenezo ni kiasi gani, na imeombwa katika bajeti ya Julai ijayo? Kumbukumbu za zamani, hasa alama za wanafunzi, zimenakiliwa wapi kabla programu haijabadilishwa? Na wanafunzi wangapi watafundishwa kuvifungua, kuvisafisha na kuvitengeneza?

La mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza ujuzi na stadi za kazi. Basi kompyuta iliyoharibika isihesabiwe kuwa aibu ya kuficha stoo. Iwekwe mezani, wanafunzi waizunguke, na fundi aanze kufundisha.