Ng'ombe wa Shimoni na Wapangaji wa Tumboni

Mgeni akifika Shimoni, katika pwani ya Kenya, hushuka pangoni, kisha hupanda mashua kwenda kisiwa cha Wasini. Ng'ombe aliyefungwa chini ya mnazi hana wa kumtazama. Naye ana historia yake, na sehemu kubwa imo tumboni, kwenye chumba cha kwanza kiitwacho rumeni, gizani pasipo hewa, ambamo mililita moja ya maji ina bakteria zaidi ya bilioni 10. Nyasi hazimeng'enywi na ng'ombe mwenyewe; kazi hiyo ni ya wapangaji hawa. Ukibadilisha lishe, umebadilisha na wapangaji.

Zamani pwani hii haikuwa ya mifugo mingi. Mbung'o walijaa misituni, toka vilima vya Shimba hadi Diani, na ugonjwa wao wa nagana ukawamaliza ng'ombe. Wadigo walishika minazi, mashamba na bahari. Mifugo ilikuwa zaidi kwa Waduruma, kule bara. Ng'ombe wao, zebu, alikula alichokiona: nyasi ngumu za kiangazi. Kwa lishe hiyo tumbo hutawaliwa na bakteria wa kuvunja nyuzi, kama Fibrobacter na Ruminococcus, wasiopenda haraka wala uchachu. Mwaka 1959 Mmarekani Robert Hungate na wenzake walitangaza vipimo vya uchachukaji wa matumbo ya wanyama wa Afrika Mashariki, zebu akiwa bega kwa bega na pofu na swala.

Kisha ikaja miwa. Kiwanda cha Ramisi, si mbali na Shimoni, kilianza mwaka 1927. Palipo na miwa pana majani yake na molasi, na sukari huwaita bakteria wa aina nyingine, wepesi na walafi. Ikizidi ghafla, Streptococcus bovis humwaga asidi ya laktiki, tumbo huchachuka, na wavunja nyuzi hufa kwa wingi. Ramisi ilifungwa mwaka 1988.

Mnazi nao una lake. Mashudu ya nazi hubaki na mafuta kidogo, na mafuta hayo, kwa asidi yake ya lauriki, hupunguza protozoa wa tumboni pamoja na gesi ya methani.

Kisa kitamu zaidi ni cha mti wa malisho uitwao lusina. Miaka ya 1980 watafiti wa kituo cha Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, waliwapa ng'ombe wa maziwa nyasi ya nepia pamoja na majani ya mti huu, na maziwa yakaongezeka. Lakini lusina ina sumu, mimosini. Kule Australia sumu hiyo iliwanyonyoa ng'ombe manyoya na kuwavimbisha tezi la shingo; kule Hawaii mbuzi waliila lusina bila kudhurika. Mtafiti Raymond Jones alichukua maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii akawapa wanyama wa Australia, nao wakapona. Bakteria aliyefanya kazi hiyo alipewa jina mwaka 1992: Synergistes jonesii.

Mwaka huohuo mdudu mfyonza utomvu, Heteropsylla cubana, aliingia pwani ya Kenya na kukausha machipukizi ya lusina. Mtwapa wakaijaribu pia gliricidia, jani lenye harufu ambalo ng'ombe hulinusa, akageuza shingo, na kulila tu baada ya kulizoea au likiwa limenyauka.