Mahali pa Kuutazamia Mlima Kilimanjaro

Mgeni afikaye mjini Moshi saa sita za mchana hutazama upande wa kaskazini asione ila mawingu, naye huuliza kama kweli mlima upo. Twamshauri angoje jua likaribie kutua, au aamke alfajiri. Ndipo Kibo hujifunua juu ya migomba, mweupe kileleni, na Mawenzi mkono wa kuume, mweusi, umechongoka. Kutoka mjini hata kilele ni kama kilometa 30 tu, na urefu wake ni meta 5,895 juu ya bahari.

Sura ya mlima hubadilika kwa kadiri ya mahali asimamapo mtu. Atazamaye kutoka Amboseli, upande wa Kenya, huiona Mawenzi mkono wa kushoto, na mlima wote huonekana tangu nyikani hata kileleni. Aliye magharibi, penye uwanda wa Shira, haioni Mawenzi, maana Kibo huificha.

Lakini mahali tupapendapo zaidi sisi tusomeshao tarehe ni nyika iliyo kati ya Taita na Taveta. Hapo, tarehe 11 Mei 1848, alipita Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga. Aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji.

Jibu lile lastahili kufikiriwa. Kiongozi hakuwa na jina la theluji, lakini tabia yake aliijua. Nao Wachaga walimweleza Rebmann habari za watu waliopanda zamani kutafuta kile kilichong'aa kama fedha. Walipokishusha, kikawa maji. Basi wenyeji walikwisha kukijaribu kitu kile kwa mikono yao kabla hajaja mgeni yeyote na kalamu.

Habari zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikataa. Alikuwa mtu wa vitabu na ramani, wala hakupata kufika nchi hizi. Alisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta, na kwamba Rebmann aliiona kwa mawazo, si kwa macho. Katika mwaka ule ule Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, aliuona mlima alipokuwa safarini kwenda Ukambani, akashuhudia vivyo hivyo. Cooley hakusadiki, mwaka 1852 akaandika kitabu akishikilia neno lake.

Ugomvi huo haukukatwa kwa maneno, bali kwa miguu. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa mawe. Mwaka wa pili alirudi na Otto Kersten, wakapanda kupita meta 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Mwaka 1871 Charles New aliifikia theluji yenyewe. Kilele kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Nao wasingalifika huko bila wapagazi na viongozi, ambao majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu ule ule, jambo ambalo kwetu ni upungufu mkubwa wa vitabu hivyo.

Atazamaye kutoka Moshi asubuhi iliyo safi aweza kuonyeshwa barafu za upande wa kusini, zilizopewa majina ya Rebmann, Decken na Kersten. Afadhali azitazame mapema. Wapimaji wameona kwamba tangu mwaka 1912 hata 2007 eneo la barafu ya Kibo lilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100, na mahali pengi palipokuwa peupe pameonyesha mwamba mtupu.