Kijiji cha Korntal na Kamusi ya Krapf

Mtu anayeandika historia ya Kiswahili hawezi kuliruka jina la Johann Ludwig Krapf. Aghalabu, hata hivyo, habari zake huishia Rabai, kana kwamba mmisionari huyo alipoondoka pwani aliacha na kazi ya lugha. Ukweli ni kwamba kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilikamilishwa mbali sana na Mombasa, katika kijiji kidogo cha Korntal nchini Ujerumani. Makala haya yanakusudia kueleza mandhari na historia ya kijiji hicho, kisha kuonyesha kwa nini jambo hilo lamhusu mwanaisimu.

Korntal iko kaskazini-magharibi mwa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg, ukingoni mwa nyanda ziitwazo Strohgäu, yaani nchi ya mabua. Jina hilo linaisadifu ardhi yenyewe. Chini ni mawe ya chokaa. Juu yake umetandaa udongo laini ulioletwa na upepo katika zama za barafu, nao huzaa ngano vizuri. Kilomita chache kutoka hapo, chini ya vilima vyenye misitu, ndipo Gerlingen, alikozaliwa Johannes Rebmann mwaka 1820 katika jamaa ya wakulima wa mizabibu. Krapf mwenyewe alizaliwa mwaka 1810 kijijini Derendingen, karibu na Tübingen, naye pia mwana wa mkulima.

Kijiji hiki kilizaliwa na njaa. Mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi, mavuno yakaharibika. Maelfu ya watu wa Württemberg wakahamia Urusi. Miongoni mwao walikuwamo Wapietisti wengi, Wakristo wa Kilutheri waliosisitiza uongofu wa moyo na kuichukia mikono ya serikali katika ibada zao. Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg, alimshauri Mfalme Wilhelm wa Kwanza kwamba watu hao wangebaki iwapo wangeruhusiwa kuwa na makao yao wenyewe. Mfalme akakubali. Mwaka 1819 shamba kubwa la Korntal likanunuliwa, Ukumbi Mkuu wa ibada ukajengwa katikati, na jumuiya ikapewa haki ya kujitawala katika mambo ya dini.

Basi kijiji kilichoanzishwa ili watu wasihame kikaja kuwa na uhusiano mkubwa na nchi za mbali. Wilhelm Hoffmann, mwana wa mwanzilishi, aliongoza chuo cha wamisionari cha Basel katika miaka Rebmann alipokuwa mwanafunzi huko. Krapf naye, aliporudi Ulaya mwaka 1855, alifanya makao yake Korntal. Kitabu chake cha safari za Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1858, kina jina la kijiji hicho katika ukurasa wa mbele. Mwaka 1875 Rebmann, akiwa karibu kuwa kipofu, alirejea kutoka pwani, akafa Korntal mwaka 1876. Krapf alimfuata mwezi wa Novemba 1881, kabla ya kuiona kamusi yake imechapwa. Wote wawili wamezikwa huko.

Hapa ndipo palipo na funzo letu. Kuanzia mwaka 1855 hadi kufa kwake, Krapf alirudi Mombasa mara moja tu, katika safari ya 1861 na 1862. Kwa hiyo mtafiti akilikuta neno katika kamusi ya 1882, asiseme kwa haraka kwamba ndivyo Waswahili walivyosema mwaka huo. Kiini cha kamusi ni Kimvita cha miaka ya 1840 na 1850, kilichowekwa katika maandishi na kupangwa upya kwa muda mrefu mahali palipokuwa mbali na wasemaji wenyewe. Juu ya kiini hicho yaliongezwa maneno kutoka vitabu vya wengine, hasa vya Edward Steere, aliyefuata Kiunguja. Ni tabaka juu ya tabaka, mfano wa ardhi ya Strohgäu, na anayetaka kuandika historia ya msamiati hana budi kuyatenga kwanza.

Jambo la pili ni la haki. Krapf alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, msaidizi wake alikuwa Ali bin Mohidin wa Barawa, kadhi wa Mombasa. Kamusi ya Kinyasa ya Rebmann, iliyohaririwa na Krapf na kuchapwa mwaka 1877, ilitoka kinywani mwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Mwenye kalamu amepewa kitabu. Mwenye lugha amebaki katika dibaji, au hata huko hayumo.

Haki za pekee za Korntal zilikoma mwaka 1919, na mwaka 1975 Korntal iliunganishwa na Münchingen kuwa mji mmoja. Makaburi ya wamisionari wawili bado yanatambulika. Sisi tunaotumia kamusi zao tunawiwa na pande mbili: na kijiji kilichompa Krapf miaka ya utulivu ya kuandika, na wasemaji waliompa cha kuandika. Deni la kwanza limekwisha kutajwa mara nyingi. La pili litalipwa siku majina ya wasemaji yatakapotajwa katika mihadhara yetu pamoja na ya waliowasikiliza.