Mwandishi na Neno Lake: Kutoka Kamusi za Wamisionari hadi Mtandaoni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kusikia ikidaiwa kwamba mtandao umewalemaza waandishi chipukizi kwa kuwapa msamiati bila jasho. Dai hili lina ukweli kidogo. Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili hakuanza jana kutafuta msaada wa maneno. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyeyakusanya maneno hayo, wapi, na aliyapangaje, kwa kuwa hilo ndilo huamua mshairi atapata nini anapobonyeza kitufe.

Tuanzie Mombasa. Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka wa 1844, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka wa 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Msingi wake ulikuwa Kimvita. Kwa upande wa Unguja, Edward Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka wa 1870, naye A. C. Madan akafuata na kamusi za 1894 na 1903. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. (Kejeli ya historia: Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake.) Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939.

Uamuzi huo ungali unatuathiri darasani. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyohifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, ni ya Kimvita. Mtahiniwa akikutana na 'mato', 'ndia' au 'nti' katika shairi la pwani, hukimbilia kuandika kwamba mshairi ametumia tabdila ili kutosheleza arudhi. La hasha! Hiyo ndiyo lugha mshairi aliyonyonya kwa mamake. Kuiita tabdila ni kumsingizia mshairi hila ambayo hakuifanya, na ni sisi walimu tunaolea kosa hilo tunapofundisha uhuru wa mshairi kama orodha ya kukariri. Hapa ndipo mtandao umetufaa sana. Kamusi ya Krapf, ambayo zamani ungeipata katika maktaba chache tu, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Tahajia yake itakusumbua kidogo, lakini vumilia.

Suala la pili ni mpangilio. Johnson, kama Madan kabla yake, aliyakusanya maneno chini ya mzizi. Ukifungua 'penda', unawakuta ndugu wote wa ukoo huo mahali pamoja: mpenzi, upendo, pendeza, pendekeza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka wa 1981, ambayo ilikuwa hatua kubwa kwa kuwa ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili, ilizitenga nomino kwa herufi zake za mwanzo, 'mpenzi' kwenye M na 'upendo' kwenye U. Kwa mwanafunzi mpangilio huu ni rahisi. Kwa mwandishi, nathubutu kusema, ni hasara, kwa sababu ukoo wa neno ndiko mawazo yake mengi huzaliwa.

Tarakilishi imeuondoa ulazima wa kuchagua. Mwaka wa 1994, Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni uliowakaribisha watumiaji kuchangia maneno. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alibuni programu inayochanganua neno la Kiswahili. Ipe 'aliyempenda' nayo itang'oa kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi na cha mtendwa hadi ifike kwenye mzizi. Bila uchanganuzi wa namna hii, chombo kilichoundwa kwa ajili ya Kiingereza hakina faida kwetu, maana neno letu moja hubeba sentensi nzima.

Je, na vina? Kamusi zetu zimepangwa kwa mwanzo wa neno, ilhali mtunzi wa shairi la arudhi anatafuta mwisho wake. Waarabu waliliona tatizo hili mapema. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka wa 1415, aliipanga kamusi yake kwa konsonanti ya mwisho ya mzizi, mpangilio uliowafaa mno watunzi. Kitabu hicho aliita Al-Qamus, yaani bahari, na umaarufu wake ndio uliotupa neno letu 'kamusi'. Leo, katika orodha yoyote ya maneno iliyo kwenye tarakilishi, unaweza kuomba maneno yanayoishia kwa 'ndo' au 'zi' na kuyapata papo hapo.

Tahadhari moja. Mkusanyo wa matini wa Helsinki, ambao toleo lake la pili lina maneno takribani milioni 25, umetegemea sana magazeti na mijadala ya Bunge la Tanzania. Ni hazina kubwa kwa anayetaka kujua neno hutumiwaje katika sentensi. Lakini Kiswahili cha mhariri na mbunge si Kiswahili cha manju wa Lamu. Ukilitafuta neno la Kiamu humo usilione, usikate shauri kwamba halipo. Mpigie simu bibi au babu anayeishi kule.

Ukitaka kulijaribu hili na kidato cha tatu, wape wanafunzi shairi moja la Kimvita. Wapige mistari chini ya kila neno ambalo wangeliita tabdila, kisha walitafute kwa Krapf. Yatakayokosekana humo ndiyo tutakayoyajadili kama uhuru wa mshairi.