Rufiji: Nani aliyegeuza mafuriko kuwa adui?

Aprili 2024 Mto Rufiji ulivunja kingo. Mashamba ya Muhoro na vijiji vingine vya wilaya za Rufiji na Kibiti yalifunikwa na maji, familia zikahama, na lawama zikaanza kabla maji hayajapungua. Wapo wananchi waliolinyooshea kidole Bwawa la Julius Nyerere, lililoko sehemu ya juu ya mto, wakidai ndilo lililowafungulia maji. Serikali ikajibu kwamba mvua za msimu huo, zilizoambatana na El Nino, zilipita kiasi.

Ubishi huo una mizizi mirefu. Tangu enzi za ukoloni, kila aliyepanga mipango ya Rufiji akiwa mbali ameyahesabu mafuriko kuwa balaa la kuzuiwa. Wakulima wa bondeni walikuwa na hesabu yao nyingine, nayo ndiyo iliyolisha eneo hilo kwa vizazi.

Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, kutoka bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu moja ya tano ya nchi. Sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na Kilombero. Mto ukishatoka kwenye Korongo la Stiegler huingia uwanda tambarare, kisha hugawanyika mikono mingi inayomwaga maji baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Hapo kwenye delta pana hekta zipatazo 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Mto ulipofurika wakati wa masika, ulitandaza bondeni tope jeusi lililobebwa kutoka nyanda za juu. Mkulima alikuwa amekwisha kupanda mpunga kwa mvua za mwanzo, ili maji yaukute umesimama. Yakija polepole, mpunga ulirefuka pamoja nayo. Yakija ghafla au kabla ya wakati, ulizama ukaoza. Hasara hiyo haikuwa mwisho wa mwaka, kwa sababu maji yalipoanza kushuka watu waliyafuata nyumanyuma, wakipanda mahindi, kunde na maboga kwenye udongo ulioloa. Kilimo hicho cha pili ndicho mlao. Mwaka ambao mafuriko yaliua mpunga mara nyingi ndio uliokuwa na mlao mzuri, kwa kuwa eneo kubwa zaidi lilipata unyevu na rutuba.

Makazi nayo yalipangwa kwa hesabu hiyohiyo. Familia ilijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ikaishi humo shambani msimu mzima kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Maji yakipita chini, waliokuwa juu waliendelea kupika. Pembeni, maziwa ya bondeni kama Utunge, Ruwe na Zumbi yalijazwa upya na mto, na samaki wakaingia humo kukua. Mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa njaa ya kitoweo.

Huku chini kwenye delta mali ilikuwa miti. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko kwenda Zanzibar, Arabuni na Ghuba, zikaezeke nyumba za miji isiyo na misitu. Wajerumani walipoitwaa pwani, mikoko ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa kuwekwa chini ya hifadhi ya serikali, mwaka 1898. Kuanzia hapo mwenyeji aliyekata mti wa kujengea alihitaji ruhusa.

Wageni hao waligundua pia kwamba delta ina siri zake. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilijificha kwenye mikono ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa sababu ya kina kifupi. Ikabidi zitafutwe mbili za chini bapa, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikaangamizwa Julai 1915. Mabaki yake yalionekana kwa miongo kadhaa, yakididimia kidogo kidogo kwenye tope ambalo mto ulikuwa ukilileta kila masika.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza nao walianza kulipigia bonde mahesabu. Mwaka 1929 A. M. Telford aliandika ripoti kuhusu kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa uchunguzi mkubwa wa bonde zima. Wazo lililojengeka humo lilikuwa kuufunga mto, kumwagilia mashamba na kuzuia mafuriko. Mlao haukupewa uzito.

Pigo lililogusa kila nyumba lilikuja baada ya mafuriko makubwa ya 1968. Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni hadi ardhi ya juu kando ya bonde, kwenye vijiji ambavyo baadaye vilihesabiwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: kuokoa maisha, kusogeza shule, zahanati na maji safi. Lakini udongo mzuri ulibaki bondeni. Mkulima alilazimika kutembea mwendo mrefu kwenda shambani, na shamba lisilo na mtu usiku liliachiwa nguruwe. Wengi walirudia madungu yao kila msimu. Mwaka 1979 Hans Bantje, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchambua mfumo huo wa kilimo kwa kuzingatia mvua, mafuriko na makazi, mambo matatu ambayo mpango wa kuhamisha watu uliyatenganisha.

Delta nayo haikukaa kama ilivyokuwa. Maji matamu mengi yalielekea mikono ya kaskazini, na wakulima wakayafuata. Walikata mikoko wakapanda mpunga palepale kwenye tope. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mavuno. Halafu kaa walianza kukata miche, magugu yakazidi, na maji ya chumvi yakapanda wakati wa bamvua. Mkulima alifungua msitu mwingine. Serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji mikoko mwaka 1987, lakini tumbo halisomi tangazo. Tatizo lilikuwa pana kuliko shoka, maana mto ukipungukiwa na nguvu, bahari ndiyo inayosonga mbele kwenye mikono hiyo.

Hapo ndipo Bwawa la Julius Nyerere linapoingia. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukapatikana mapema 2024. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 2,115, na ziwa lake linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Nchi ilihitaji umeme huo. Lakini bwawa huzuia pia tope, na tope ndilo lililojenga delta, likarutubisha mlao na kuipa mizizi ya mikoko mahali pa kushika. Ardhi isiyoongezwa udongo, huku usawa wa bahari ukipanda, huliwa na mawimbi. Mikoko ikipungua, nyumba za pwani hukosa ngao, na kamba wadogo hukosa mahali pa kukulia.

Hatari imebadilika sura. Zamani mkulima aliusoma mto kwa mvua na dalili za maji. Sasa kiasi kikubwa cha maji kinaamuliwa na malango ya bwawa, na yeye anahitaji kujua mapema lini yatafunguliwa. Akijua, ataahirisha kupanda, atahamisha mifugo, au atasubiri mlao. Asipojua, mafuriko madogo tu yanamfilisi.

Kuachia maji kwa ratiba kumewahi kujaribiwa kwingine. Kwenye bonde la Mto Senegal, Bwawa la Manantali limewahi kufunguliwa kwa makusudi ili kuleta mafuriko ya kilimo cha bondeni kwa watu wanaoishi chini ya bwawa. Rufiji inaweza kuwa na ratiba kama hiyo, itakayoandikwa na wahandisi wa umeme wakiwa wamekaa na wakulima, wavuvi na maofisa misitu. Ratiba hiyo itakuwa na gharama, kwa sababu maji yanayoachiwa mlao hayazungushi mtambo saa ile yanapohitajika gridini. Gharama ya kutokuwa nayo tayari inalipwa, ila inalipwa na kaya moja moja bondeni, na haionekani kwenye hesabu za umeme.